White Sox, timu yetu ya besiboli hapa Chicago, tumefikisha vipigo 120 na bado mechi sita. Wakuu, tatizo hasa ni nini?

#1 Mtanga_wa_35th
Jumapili 22/9/2024

Wakuu, salaam.

Leo San Diego wametupiga 4-2. Hicho ni kipigo cha 120. Rekodi ya vipigo ya Mets wa New York ya mwaka 1962 tumeshaifikia na bado tuna mechi sita mkononi. Ushindi tangu msimu uanze mwezi Machi ni 36 tu.

Nilifika Chicago 2004. Kazi ya kwanza ilikuwa kuosha vyombo kwenye mgahawa, na mpishi mmoja Mmeksiko ndiye aliyenipandisha treni ya Red Line hadi kituo cha 35th, tukakaa juu kabisa kwenye viti vya bei poa. Sikuelewa kitu. Mwaka uliofuata tukabeba World Series, taji kuu la besiboli, tukawachapa Houston mechi nne kwa bila. Nikadhani ndivyo timu hii ilivyo siku zote! Baadaye ndipo wazee wa mtaani wakanieleza kuwa taji la mwisho kabla ya hilo lilikuwa la 1917. Miaka 88 watu walikuwa wanasubiri.

Sasa nina kijana wa miaka 11, amezaliwa hapa hapa, analala na glavu kitandani. Julai tulipoanza kupoteza mfululizo, kila asubuhi aliuliza, "Baba, jana tumeshinda?" Tulipoteza mechi 21 mfululizo, kuanzia tarehe 10 Julai mpaka tarehe 5 Agosti. Siku hizi haulizi. Rekodi haiumi kama hilo la mtoto kuacha kuuliza.

Hoja yangu: tatizo ni tajiri. Jerry Reinsdorf anaongoza umiliki wa timu hii tangu 1981. Mkataba mnono kuliko yote katika historia ya klabu ni dola milioni 75 za Andrew Benintendi. Hili ni jiji la tatu kwa ukubwa Marekani, wakuu! Timu nyingine zinatoa milioni 300 kwa mchezaji mmoja.

Nawasilisha.

#2 Jangwani_Damu

Pole mkuu. Lakini kwanza tufafanulieni sisi tusioujua huu mchezo. Vipigo 120 na bado mechi sita? Msimu mmoja una mechi ngapi?

#3 Takwimu_Tupu

@Jangwani_Damu mechi 162 kwa kila timu. Wanacheza karibu kila siku kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba. Kila mechi ina zamu tisa, na mkimbio mmoja ni mchezaji kuzunguka vituo vyote vinne na kurudi alikoanzia.

Kwa mechi nyingi namna hiyo, timu bora kabisa hupoteza 60 na timu mbovu hushinda 60. Yote hutegemea zile mechi 42 za katikati. Ndiyo maana ushindi 36 ni jambo la kutisha. Msimu tuliuanza kwa kushinda 3 na kupoteza 22.

Ila namrekebisha mleta uzi kidogo. Mets wa 1962 hawakucheza mechi 162 zenye matokeo. Walishinda 40, wakapoteza 120, na moja ikaisha sare. Yaani walishinda asilimia 25.0. Sisi tukishinda 5 kati ya 6 zilizobaki tutamaliza na 41 kwa 121, asilimia 25.3. Kwa idadi ya vipigo rekodi itakuwa yetu, kwa asilimia itabaki yao.

#4 Ingwe_1998

5 kati ya 6? Ndugu yangu, timu ilipoteza 21 mfululizo. Hesabu ni nzuri lakini hapo umeota.

Poleni sana lakini. Mimi ni shabiki wa AFC Leopards. Ubingwa wetu wa mwisho wa ligi ni 1998, jina langu hapo linajieleza. Najua kuamka Jumatatu ukiwa hutaki kuonana na mtu kazini.

#5 Kogalo_Nyumbani

@Ingwe_1998 na huyo mtu wa kazini ni mimi 😂 Ubingwa wa 21 uko kabatini.

#6 Ingwe_1998

Nilijua utatokea tu.

#7 Mnyama_Msimbazi

Mimi nina swali moja. Hii timu ikimaliza ya mwisho inashuka daraja, si ndiyo?

#8 Mtanga_wa_35th

Haishuki, mkuu. Huku hakuna kushuka daraja. Timu 30 ni zile zile. Unaweza ukapoteza 120 mwaka huu na mwakani ukaanza upya kama hakuna kilichotokea.

#9 Mnyama_Msimbazi

Dah! Basi jibu lenu hilo hapo. Kwetu timu ikifungwa mechi kumi viongozi hawalali, wanachama wapo getini. Huyo tajiri anaogopa nini?

#10 Dereva_DanRyan

@Mnyama_Msimbazi umegonga penyewe. Pesa za haki za televisheni za kitaifa zinagawanywa sawa kwa timu zote 30. Ushinde usishinde, fungu lako lipo.

Halafu msisahau 1988. Timu ilikuwa na mguu mmoja nje, inahamia St. Petersburg kule Florida. Usiku wa tarehe 30 Juni wabunge wa Illinois wakaisimamisha saa ya bunge ili muda usipite saa sita, wakapitisha pesa za kujenga uwanja mpya. Uwanja ukafunguliwa 1991. Sasa mwaka huu tena wanazungumzia uwanja mwingine, kwenye kile kiwanja kinachoitwa The 78, na pesa za umma zinatajwa tena. Mimi nalipa kodi hapa, napita barabara kuu ya Dan Ryan kila siku na lori, nauona uwanja ule viti vitupu. Inaniuma.

#11 Mwana_Lushi

Ndugu zangu, bonsoir. Mimi niko Rogers Park, upande wa Kaskazini, ila moyo ni wa Kusini kwa sababu wafanyakazi wenzangu wote ni wa Kusini.

Nasema tajiri anaweza kuibadilisha timu kabisa akitaka. Tazameni TP Mazembe ya kwetu Lubumbashi. Moïse Katumbi aliweka pesa, akajenga uwanja, akaleta wachezaji kutoka Zambia, Ghana na kwingineko. Mabingwa wa Afrika 2009, 2010, 2015. Mwaka 2010 tulicheza fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu na Inter. Tulifungwa tatu, lakini Lubumbashi hakulala mtu wiki nzima.

#12 Bi_Kibokoni

Jamani, mnamtwisha tajiri mzigo wote peke yake? Nina miaka kumi na minane Boston, na nina jambo.

2022 White Sox hao hao walikuwa miongoni mwa timu kumi zenye mishahara mikubwa kabisa. Wakamaliza 81 kwa 81. Pesa ilitoka, ushindi haukuja. Pesa peke yake haitoshi, wallahi. Red Sox wangu mwaka 2011 walikuwa na Carl Crawford wa milioni 142 na Adrián González juu yake. Mwanzoni mwa Septemba tulikuwa mbele ya Tampa Bay kwa mechi tisa kwenye mbio za kuingia mchujo, ile hatua ya mtoano ya kuwania taji. Septemba hiyo tukashinda 7, tukapoteza 20. Siku ya mwisho kabisa, Baltimore, tunaongoza 3-2, zamu ya tisa, tumebakiza kumtoa mpigaji mmoja tu mechi iishe. Mpira ukamponyoka Crawford pale kushoto na tukapigwa 4-3. Dakika chache baadaye Tampa Bay, ambao walikuwa nyuma 7-0 kwa Yankees, wakashinda 8-7 kwa homrani (mpira uliopigwa ukavuka uzio) ya Evan Longoria katika zamu ya 12. Wao wakasonga, sisi tukafunga virago.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na mume wangu. Chai ilipoa mbele yetu, hakuna aliyeigusa. Afadhali timu mbovu tangu Aprili, moyo unazoea. Ile ya kupewa halafu ukanyang'anywa ndiyo mbaya zaidi.

#13 Mtanga_wa_35th

@Bi_Kibokoni dada yangu, hapo nakataa kwa heshima zote. Wewe uliumia usiku mmoja. Mimi nimeumia mara 120.

#14 Bi_Kibokoni

Kaka, ulikuwa mwezi mzima, si usiku mmoja! Lakini sawa, kidonda cha mtu hakipimwi kwa rula ya mwenziwe. Na nikupe la moyo: mwaka 2012 tulipoteza 93 tukawa wa mwisho, 2013 tukabeba taji.

#15 Kocha_wa_Watoto

Naona mnazungumza pesa tu. Mimi nafundisha timu ya watoto hapa Aurora wikendi, niseme ya uwanjani.

White Sox walijaribu njia sahihi. Desemba 2016 walimuuza Chris Sale kwa Boston wakapata Moncada na Kopech. 2017 wakampeleka Quintana kwa Cubs wakapata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Wakamtoa Cuba Luis Robert. Tim Anderson alikuwepo, 2019 akaongoza ligi kwa wastani wa kupiga. Wale chipukizi walikuwa moto! 2020 wakaingia mchujo, 2021 wakashinda mechi 93 na kutwaa kanda ya Kati. Sote tulidhani ni mwanzo wa miaka kumi ya raha.

Kilichotokea ni majeraha. Jiménez, Robert, Moncada, kila mwaka misuli ya paja, nyonga, mgongo. Ukiniuliza mimi, tatizo ni jinsi walivyoandaliwa miili. Mtoto wangu mmoja wa timu akilalamika paja, namkalisha. Sijali tunaongoza au tunafungwa.

#16 Dereva_DanRyan

@Kocha_wa_Watoto hapo kwenye 2021 umeruka jambo. Timu ya vijana wadogo wenye damu inayochemka, mwenye timu akamleta kocha Tony La Russa mwenye miaka 76 ambaye hakuwa amefundisha tangu 2011. Ni mtu mkubwa kwenye huu mchezo, ana mataji yake, siwezi kumvunjia heshima. Lakini ule uamuzi ulikuwa wa tajiri mwenyewe, si wa idara ya ufundi. Kwa hiyo tunarudi palepale alipoanzia mleta uzi.

#17 Kocha_wa_Watoto

Alishinda 93 na hao hao vijana, mkuu. Huwezi kumlaumu kwa mwaka alioshinda.

#18 Dereva_DanRyan

Na kwenye mchujo Astros wakatutoa 3-1. Na mwaka uliofuata?

#19 Takwimu_Tupu

Ngoja niwape kitu cha kutafakari kuhusu kipigo cha leo cha San Diego.

Kikosi cha Padres kina Manny Machado. Mwaka 2019 White Sox walimtaka, wakaweka mezani milioni 250, San Diego wakaweka 300.

Kina Dylan Cease, tuliyempeleka huko Machi mwaka huu huu. Mwezi Julai alirusha mechi nzima dhidi ya Washington bila kupigwa mpira hata mmoja salama.

Kina Fernando Tatis Jr. Huyu alikuwa WETU. Juni 2016, akiwa na miaka 17, tulimtoa ili tumpate mrushaji James Shields aliyekuwa anaelekea ukingoni.

Kipigo cha 120 kimetoka kwa watu watatu ambao wangeweza kuwa wamevaa jezi yetu.

#20 Mtanga_wa_35th

Hiyo ya Tatis nilikuwa nimejilazimisha kuisahau, mkuu. Umeniamshia maumivu usiku huu. Nakwenda kulala, alfajiri zamu ya kazi.

#21 Jangwani_Damu
Jumatatu 23/9

Nimesoma uzi wote. Sasa huyu kocha aliyeko mbona hatajwi? Kwetu huyo ndiye wa kwanza kutupiwa lawama.

#22 Takwimu_Tupu

Pedro Grifol alifukuzwa tarehe 8 Agosti, siku mbili baada ya ule mfululizo wa 21 kukatika kule Oakland. Misimu miwili, ushindi 89, vipigo 190. Sasa yupo Grady Sizemore kwa muda.

#23 Shabiki_Mtiifu77

Hapo kwa Grifol na mimi nina langu. Agosti 2023 waliwafukuza wakuu wa usajili, Ken Williams na Rick Hahn, kwa mpigo. Mashabiki tukashangilia, tukajua ataletwa mtu mpya kutoka klabu inayojua kazi. Badala yake wakampandisha Chris Getz wa humo humo ndani. Getz alishafanya kazi Kansas City. Grifol alitoka Kansas City. Benintendi alipitia Kansas City. Nyumba ikivuja huiti fundi yule yule aliyeiezeka.

Sisemi Getz hana uwezo. Nasema hawakutafuta.

#24 Mnyama_Msimbazi

Basi angalau mkiwa wa mwisho mnapata chipukizi bora kwenye ule mgao wa wachezaji, drafti si ndiyo inavyoitwa? Nimesikia huku kwenye mpira wa kikapu iko hivyo.

#25 Takwimu_Tupu

Ndiyo jambo linaloniumiza kuliko yote, mkuu. Siku hizi kuna bahati nasibu, na kuna sheria kwamba timu ya soko kubwa haiwezi kupata nafasi za juu za bahati nasibu miaka miwili mfululizo. Mwaka huu tulichagua wa tano. Kwa hiyo mwakani, hata tupoteze mechi zote, hatuwezi kuchagua kabla ya nafasi ya 10.

#26 Mnyama_Msimbazi

Mnapigwa na hamlipwi fidia! Poleni sana ndugu zangu.

#27 Jangwani_Damu

@Mnyama_Msimbazi wewe ndiye unajua habari za kupigwa. 5-1, tarehe 5 Novemba, unakumbuka?

#28 Mnyama_Msimbazi

Huu ni uzi wa besiboli jamani. Mods!

#29 Mama_Zawadi_Joliet

Salaam wote. Mimi si mtaalamu. Mwanangu Zawadi anacheza softiboli shuleni, na kila mwaka tunakwenda uwanjani familia nzima mara moja, na mwaka huu tiketi zetu ni za kesho Jumanne dhidi ya Angels. Tulinunua Mei. Hatukujua itakuwa siku ambayo timu inaweza kuvunja rekodi ya kupigwa. Mume wangu anasema tusiende, ni kushuhudia msiba. Mnasemaje?

#30 Mtanga_wa_35th

Mama Zawadi, nendeni. Msiba huendwa. Tena huo ndio usioachwa.

#31 Mwana_Lushi

Nendeni mama. Na mtoto avae jezi.

#32 Kocha_wa_Watoto

Mwambie Zawadi amwangalie mchezaji wa kati nje, Luis Robert, anavyouanza mwendo kabla mpira haujapaa. Hilo halina uhusiano na msimamo wa ligi.

#33 Mama_Zawadi_Joliet
Jumanne 24/9, usiku

Tumetoka uwanjani sasa hivi, sauti sina!!!

Mpaka mwisho wa zamu ya saba tulikuwa nyuma 2-0. Watu walikuwa wanaimba "uza timu, uza timu", uwanja mzima. Na kuna watu, nawaambia kweli, walikuja ili timu IPIGWE, ili waseme walikuwepo siku ya rekodi. Zamu ya nane tukapata mikimbio mitatu. Aliyeuleta wa kuongoza ni Benintendi. Kuna waliozomea tulipoongoza! Zawadi akaniuliza, "Mama, hawa ni mashabiki wa nani?" Sikuwa na jibu.

Tumeshinda 3-2.

#34 Takwimu_Tupu

Msimu mzima hatukuwahi kushinda mechi ambayo tulikuwa nyuma baada ya zamu ya saba. Hata moja. Mmeona historia, mama.

#35 Dereva_DanRyan

Waliozomea nawaelewa, japo siwaungi mkono. Mtu aliyeimba "uza timu" miaka yote bila kusikilizwa anafikiri rekodi ya aibu ndiyo itakayosikika. Ni kilio hicho.

#36 Shabiki_Mtiifu77

Sikubali. Yule kijana wa miaka 23 aliyepandishwa juzi kutoka timu za chini, anayelala hotelini akisubiri nafasi yake, amemkosea nini shabiki? Mlalamikie tajiri, imba mpaka asubuhi, lakini mpira ukipigwa salama unashangilia. Kama huwezi, baki nyumbani.

#37 Ingwe_1998

Kwetu tulishawahi kubishana hili hili. Kuna waliosusa, kuna waliobaki. Mimi nilibaki, na sijui kama nilifanya sawa. Waliosusa walirudi baadaye wakiwa wageni, nyimbo mpya hawazijui.

#38 Mtanga_wa_35th
Jumatano 25/9

Tumeshinda tena, 4-3, zamu ya 10. Na ni nani aliyepiga mpira wa ushindi? Benintendi.

#39 Bi_Kibokoni

Yule wa milioni 75 😄 Kaka, umwombe radhi kijana wa watu.

#40 Mtanga_wa_35th

Yeye sikumlaumu, dada! Nilimlaumu aliyeona kwamba milioni 75 ndiyo dari. Benintendi namwombea maisha marefu.

#41 Kocha_wa_Watoto
Alhamisi 26/9

7-0. Tumewafagia Angels mechi zote tatu. 39 kwa 120. Sasa ni Detroit, mechi tatu.

#42 Takwimu_Tupu

Na hapo kuna jambo. Kabla yetu, timu iliyoikaribia zaidi rekodi ya Mets ilikuwa Detroit Tigers wa 2003. Walikuwa 38 kwa 118 zikiwa zimebaki sita. Wakashinda TANO kati ya sita, wakamaliza 43 kwa 119, kipigo kimoja tu pungufu ya rekodi. Miaka mitatu baadaye, 2006, walikuwa kwenye World Series.

@Ingwe_1998 uliniambia naota.

#43 Ingwe_1998

Subiri kwanza. Bado tatu.

#44 Shabiki_Mtiifu77

Tigers wa 2003 mnawataja kama dawa. Tajiri wao Mike Ilitch alifungua pochi, akamsajili Iván Rodríguez, akamsajili Magglio Ordóñez kutoka kwa NANI? Kutoka kwetu, White Sox. Kushinda tano kati ya sita za mwisho hakukuwasaidia lolote, waliokolewa na pesa na vijana kama Verlander.

#45 Dereva_DanRyan

Kumbe umerudi kwenye pesa.

#46 Shabiki_Mtiifu77

Nimesema pesa NA vijana. Soma vizuri mkuu.

#47 Mtanga_wa_35th
Ijumaa 27/9, usiku

Imekuwa. Detroit 4, sisi 1. Kipigo cha 121, hakuna timu iliyopoteza mechi nyingi hivi tangu mwaka 1900.

Wenyeji wamefuzu mchujo kwa mechi hiyo hiyo, mara ya kwanza tangu 2014. Uwanja mzima unaruka, fataki, na vijana wetu wamesimama pale pembeni wanaangalia. Nimezima televisheni. Kijana alikuwa macho, nilidhani kalala. Akasema, "Sasa imepita." Akaenda chumbani.

#48 Mwana_Lushi

Pole sana ndugu.

#49 Bi_Kibokoni

Pole kaka. Mpe mtoto salamu zangu.

#50 Mzee_wa_Nyuzi

Tangu 1900 ni sawa, ila kwa historia yote si kweli. Cleveland Spiders, 1899, walishinda 20 na kupoteza 134. Wenye timu walikuwa na klabu nyingine St. Louis, wakahamishia huko wachezaji wote wazuri. Na kwa asilimia hata Athletics wa Philadelphia wa 1916 walikuwa wabaya kuliko hawa: 36 kwa 117.

#51 Dereva_DanRyan

Hao Spiders nao, tatizo lilikuwa tajiri.

#52 Takwimu_Tupu
Jumapili 29/9

Msimu umeisha. Jana 4-0, leo 9-5, zote Detroit na zote tumeshinda. 41 kwa 121. Tano kati ya sita za mwisho, kama Tigers wa 2003. Asilimia 25.3, Mets 25.0.

#53 Ingwe_1998

Haya, mkuu, kofia naivua. Hukuota.

#54 Shabiki_Mtiifu77

Nimefurahi, ila asilimia hazibadilishi kitu. Kitabuni imeandikwa 121.

#55 Takwimu_Tupu

Na kitabuni ipo pia safu ya asilimia.

#56 Kocha_wa_Watoto

Ni mechi sita tu. Angels nao wamepoteza 99, na Detroit walishafuzu. Tusijenge nyumba juu ya hilo. Mimi nataka kujua nani ataangalia misuli ya Robert majira haya ya baridi, na kama yule mrushaji wetu Crochet watambakiza. Kijana katoa wapigaji 209 kwa zamu 146 tu. Wakimuuza, mimi na Dereva tutakuwa upande mmoja.

#57 Dereva_DanRyan

Nakuwekea kiti.

#58 Mtanga_wa_35th

Ahsanteni wote. Sijashawishika kuwa si tajiri, lakini hoja ya majeraha na ile ya kutotafuta watu wa nje nimezichukua.

Tarehe 27 Machi mwakani tunafungua nyumbani, na Angels hao hao. Nimeomba ruhusa kazini mapema. @Mama_Zawadi_Joliet kama mnakuja semeni, tukae pamoja, watoto wafahamiane.

#59 Mama_Zawadi_Joliet

Tunakuja. Zawadi ameshaandika kwenye kalenda. Nitaleta maandazi kwa watoto.

#60 Jangwani_Damu

Mimi swali la mwisho kabla uzi haujafungwa. Jana nilipata kuangalia kidogo kwenye simu. Yule mrushaji alikuwa anarusha vizuri tu, wakamtoa. Baadaye mambo yakiharibika anaweza kurudi?

#61 Kocha_wa_Watoto

Hawezi. Akishatolewa ndiyo basi mpaka mechi nyingine.

#62 Jangwani_Damu

Duh. Halafu waliofuata wakaanza kupigwa. Sasa naelewa mnachopitia. Machi mnianzishie uzi mwingine, nitakuwepo.